Kitambaa cha kuoshea uso: Kila mtu awe na chake

KATIKA nyumba nyingi humu nchini, kuna kitaulo kidogo kinachoning'inia kwenye msumari bafuni au kwenye kamba nyuma ya nyumba. Baba hukitumia alfajiri kabla ya kwenda kazini, mama naye hukitumia baada yake, kisha watoto hupanguswa makamasi na tongotongo kwa kitaulo hicho hicho kabla ya kushika njia ya shule. Jioni, kikiwa kingali na unyevu, hurejea kazini.

Ni nadra kukitilia shaka kwa sababu kazi yake ni usafi. Lakini kitambaa hicho kina sura mbili. Kikitumiwa ipasavyo, ni chombo rahisi cha kuondoa uchafu, mafuta na seli zilizokufa usoni, tena bila gharama kubwa. Kikitumiwa ovyo, hukwaruza ngozi, huacha madoa meusi na hubeba maradhi ya macho na ngozi kutoka kwa mtu mmoja hadi kwa mwenzake.

Tofauti ya hali hizo mbili haitokani na bei yake. Inatokana na mambo manne: nani anakitumia, kimefumwa kwa uzi gani, mkono unakisukuma kwa nguvu kiasi gani, na kinakaukia wapi.

Ngozi inavyojisafisha

Ngozi ya uso hujiumba upya kila siku. Seli changa huzaliwa chini ya tabaka la juu, husukumwa polepole kuelekea nje, kisha hufa na kugeuka magamba membamba mno ambayo jicho haliwezi kuyaona. Kwa kijana, safari hiyo huchukua takriban wiki nne. Umri unaposonga, huchukua muda mrefu zaidi.

Kwa kawaida magamba hayo hupukutika yenyewe. Yakikawia, huchanganyika na mafuta ya ngozi, jasho na vumbi, uso ukaonekana umefifia na vitundu vya ngozi vikaziba. Kuziba huko ni mojawapo ya vyanzo vya chunusi.

Kitambaa huisaidia ngozi kufanya kazi ambayo tayari inaifanya. Nyuzi zake hushika magamba yaliyokwisha kulegea na kuyaondoa pamoja na mabaki ya poda, wanja, mafuta ya mgando au krimu ya kukinga jua. Magamba ambayo bado yameshikamana na ngozi hayapaswi kung'olewa kwa nguvu, kwa kuwa ndiyo ukuta unaozuia maji ya mwili kutoka na vijidudu kuingia.

Msomaji asichanganye kazi hii na kujichubua. Kuondoa seli zilizokufa hakubadilishi rangi ya mtu. Hurejesha tu mng'ao wa rangi aliyozaliwa nayo. Anayesugua uso kwa matumaini ya kuwa mweupe anajiumiza bure, na kama itakavyoelezwa, huenda akapata kinyume cha alichokitafuta.

Kitambaa kipi kinafaa?

Kitambaa cha pamba ndicho kinachopatikana kwa urahisi na ndicho kinachofaa watu wengi. Pamba hufyonza maji, huvumilia maji moto na hufulika kwa sabuni ya kawaida. Kipande cha mraba chenye upande wa sentimita 25 hadi 30 kinatosha: ni kidogo cha kukamulika kwa mkono mmoja, na kikubwa cha kukunjwa ili kila mpanguso upate upande safi.

Taulo yenye vitanzi vya uzi, ambayo leo imeenea kote duniani, ilipata umaarufu Ulaya baada ya Mwingereza Henry Christy kuiona Uturuki na kampuni ya familia yake kuanza kuifuma kwa mashine. Iliwekwa hadharani katika Maonyesho Makuu ya London mwaka 1851. Vitanzi hivyo ndivyo vinavyofyonza maji na ndivyo pia vinavyosugua. Taulo mpya yenye vitanzi vilivyosimama huwa kali kuliko ile iliyofuliwa mara nyingi. Iliyozeeka na kukakamaa kwa mabaki ya sabuni, hata hivyo, huweza kukwaruza kuliko zote.

Vitambaa vya nyuzi ndogo sana, ambavyo hutengenezwa kwa poliesta na nailoni, huondoa vipodozi vizuri hata kwa maji matupu. Ubaya wake ni kwamba ni aina ya plastiki, na kila vinapofuliwa huachia chembechembe zinazoingia katika maji. Vile vinavyouzwa kwa jina la mianzi huwa laini sana, lakini vingi ni viskosi, yaani uzi uliopatikana kwa kuyeyusha mti kwa kemikali. Mnunuzi asome lebo badala ya kuvutiwa na picha ya jani.

Asiyetaka kununua chochote anaweza kugeukia sanduku la nguo. Leso ya pamba iliyochakaa, iliyolainishwa na miaka ya kufuliwa, ikikatwa vipande na kupindwa kingo huwa vitambaa vyema vya uso. Haina vitanzi, kwa hivyo husugua kidogo sana, jambo ambalo ni heri kwa mwenye ngozi nyepesi kuwasha.

Dodoki lina kazi yake mgongoni, kwenye viwiko na visigino. Usoni halifai. Vivyo hivyo nyavu za plastiki za kuogea na mawe ya kusugulia miguu. Ngozi ya uso ni nyembamba kuliko ya visigino, na haiwezi kutendewa sawa na nyayo.

Rangi nayo ina maana. Kitambaa cheupe huonyesha uchafu upesi, na hivyo humkumbusha mwenyewe kukifua. Aidha, wanaotumia dawa ya chunusi yenye benzoili peroksidi wanajua kuwa hufifisha rangi ya nguo. Kwao, kitambaa cheupe hupunguza hasara.

Namna ya kuosha uso

Kwanza, mikono ioshwe. Mikono michafu huchafua kitambaa kabla hakijafika usoni.

Pili, maji yawe ya vuguvugu. Maji ya moto huondoa mafuta ya asili na kuiacha ngozi ikiwa kavu na yenye kuvutana.

Tatu, sabuni iwe laini. Ngozi yenye afya huwa na asidi kidogo, kipimo chake cha pH kikiwa karibu 5, ilhali sabuni nyingi za kipande huwa na kipimo cha 9 hadi 10. Ndiyo maana uso huhisi umekazana baada ya kuoshwa kwa sabuni kali. Sabuni ya kufulia nguo haina nafasi usoni. Mwenye ngozi kavu ambaye hakujipaka kitu anaweza kutumia maji pekee asubuhi.

Nne, sabuni ipakwe kwa ncha za vidole, kisha kitambaa kilichochovywa na kukamuliwa kidogo kitumike kuipangusa. Kwa siku za kawaida, kupangusa huko kunatosha. Siku ya kuondoa seli zilizokufa, mkono uzungushwe katika miduara midogo kwenye paji la uso, mashavu, pua na kidevu, kwa takriban nusu dakika, kisha uso usuuzwe. Uzito wa mkono uwe ule wa mtu anayemfuta mtoto mchanga.

Tano, macho yapanguswe kwa upande safi wa kitambaa bila kuyasugua, na kila jicho lipate upande wake. Mwisho, uso ukaushwe kwa kubonyezwa taratibu na kitambaa kingine kikavu, kisha upakwe mafuta au losheni ukiwa bado na unyevunyevu ili maji yasitoroke.

Ni mara ngapi? Hapa wataalamu huhimiza tahadhari. Chama cha madaktari wa ngozi cha Marekani, American Academy of Dermatology, hushauri kuwa uoshaji wa kila siku ufanywe kwa vidole, kwa hoja kwamba kitambaa chaweza kuiwasha ngozi. Ushauri huo unawahusu zaidi wenye chunusi na wenye ngozi inayodhurika upesi. Mwenye ngozi imara anaweza kujipangusa kwa kitambaa laini kila jioni bila kudhurika, lakini zoezi la kusugua kwa miduara aanze nalo mara moja kwa wiki. Mwenye ngozi ya mafuta anaweza kufika mara mbili. Ishara za kuzidisha ni wazi: kuwashwa, kuchonyota mafuta yanapopakwa, wekundu au kung'aa kusiko kwa kawaida, na magamba. Zikionekana, kitambaa kiwekwe kando hadi ngozi itulie.

Wanaume wanaosumbuliwa na vipele baada ya kunyoa ndevu nao wana faida hapa. Kitambaa safi chenye maji ya vuguvugu kikiwekwa kidevuni kwa dakika chache kabla ya wembe hulainisha nywele. Baada ya kunyoa, ngozi isisuguliwe.

Ngozi nyeusi na doa lisilotarajiwa

Ngozi nyeusi ina hazina kubwa ya melanini, chembe za rangi zinazoikinga dhidi ya jua. Hata hivyo, kila inapojeruhiwa, hata kwa mikwaruzo midogo isiyotoa damu, ngozi hiyo huelekea kutengeneza rangi zaidi mahali palipoumia. Matokeo yake ni doa jeusi linaloweza kudumu miezi mingi baada ya jeraha lenyewe kupona.

Hapo ndipo wengi hunaswa. Mtu huona chunusi, akaisugua kwa nguvu akidhani ni uchafu. Chunusi huvimba, huacha doa. Huliona doa, akasugua zaidi, nalo likazidi kuwa jeusi. Hatimaye huelekea dukani kununua krimu ya kuondoa madoa, na mara nyingine hurudi na kopo asilojua kilichomo.

Baadhi ya krimu hizo zimewahi kukutwa na zebaki, sumu inayodhuru figo na neva, au haidrokwinoni, dawa isiyopaswa kutumiwa bila uangalizi wa daktari. Kenya imepiga marufuku vipodozi vyenye viambato hivyo. Jambo ambalo halizungumzwi sana ni kwamba zebaki haibaki kwa aliyejipaka pekee. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) imeonya kuwa jamaa wa mtumiaji, wakiwemo watoto, wanaweza kuipata kwa kugusa taulo na vitambaa vilivyoingiwa na krimu hiyo. Kitambaa cha uso kinachotumiwa na nyumba nzima basi chaweza kumfikishia mtoto sumu ambayo hakujipaka.

Njia ya kuukata mzunguko huo ni kuacha kusugua mwanzoni kabisa. Waliovumbua msemo kuwa polepole ndio mwendo huenda hawakuwa wakifikiria uso, lakini ngozi inauthibitisha.

Wako wasiopaswa kusugua uso kabisa hadi washauriane na daktari: wenye chunusi zilizovimba au zenye usaha, wenye ukurutu, wenye vidonda au malengelenge, waliochomwa na jua, na wanaotumia dawa za chunusi au za madoa ambazo zenyewe huambua ngozi. Kuongeza kitambaa juu ya dawa hizo ni kuvua ngozi nguo mbili kwa wakati mmoja.

Hatari ya kitambaa cha wote

Sababu kubwa zaidi ya kila mtu kuwa na kitambaa chake ni macho.

Trakoma, ambayo baadhi huiita vikope, husababishwa na bakteria aitwaye Chlamydia trachomatis. Huenezwa na majimaji yatokayo machoni na puani mwa mgonjwa, kwa njia ya mikono, nguo, matandiko, taulo na nzi wanaotua usoni. Watoto wadogo ndio huambukizwa zaidi. Mtu akiambukizwa tena na tena kwa miaka, upande wa ndani wa ukope wa juu hupata makovu, kope hujikunja kuelekea ndani na kulikwaruza jicho kila anapopepesa. Mwisho wake waweza kuwa upofu usiorekebishika. Wanawake huathirika zaidi kuliko wanaume, kwa kuwa wao ndio hukaa karibu na watoto wagonjwa.

Nchini Kenya, ugonjwa huu umewasumbua kwa miaka mingi wakazi wa maeneo kame, zikiwemo Turkana, Pokot Magharibi, Narok na Kajiado. Mwaka 1998, Baraza la Afya Duniani liliazimia kuutokomeza kama tatizo la afya ya umma ifikapo 2020. Muda huo ulipopita, lengo lilisogezwa hadi 2030. Mkakati unaotumika una nguzo nne: upasuaji wa kope, dawa za kuua bakteria, usafi wa uso na uboreshaji wa mazingira, hasa maji na vyoo.

Nguzo ya tatu haihitaji hospitali. Uso wa mtoto ukiwa hauna tongotongo wala makamasi, nzi hukosa cha kufuata na maambukizi hupungua. Lakini nyuso tano zikisafishwa kwa kitambaa kimoja, usafi huo hugeuka mtego: ulichokiondoa kwa mtoto wa kwanza unakipaka kwa wa pili.

Pasipo vitambaa vya kutosha, ni afadhali uso uoshwe kwa mikono safi na maji yanayotiririka, kisha uachwe ukauke kwa upepo. Kibuyu chirizi, yaani mtungi au kopo lililotobolewa ili litiririshe maji kidogo kidogo, hutosha kuosha nyuso kadhaa hata mahali ambapo maji ni ya kuhesabu.

Trakoma haiko peke yake. Ugonjwa wa macho mekundu, choa na malengelenge ya mdomoni yote yanaweza kupita kwenye taulo. Bakteria aina ya Staphylococcus aureus, anayesababisha majipu, hukaa puani mwa takriban asilimia 30 ya watu bila kuwadhuru. Akipata mkwaruzo mpya kwenye ngozi ya mwingine, habari huwa tofauti.

Kukifua na kukianika

Kitambaa kilicholowa, kilichokunjwa na kuachwa mahali pa giza ni shamba la vijidudu. Harufu ya uvundo ni ushahidi kuwa tayari wamestawi humo.

Baada ya kila matumizi, kisuuzwe, kikamuliwe na kutandazwa penye hewa ili kikauke kabla ya kutumiwa tena. Kisitumike zaidi ya mara mbili au tatu bila kufuliwa kwa sabuni na maji moto. Mwenye chunusi, na yeyote anayeumwa macho, atumie kipya kila mara. Vitambaa vitano au saba kwa kila mtu vinatosha wiki nzima. Watoto watambue vyao kwa rangi ya uzi ulioshonwa pembeni au kwa msumari wa kila mmoja ukutani.

Sabuni isuuzwe hadi maji yawe safi, kwani mabaki yake huukakamaza uzi na kuiwasha ngozi. Dawa ya kulainisha nguo iepukwe, kwa maana huupaka uzi utando unaouzuia kufyonza maji.

Jua ni msaidizi mkubwa, kwa kuwa hukausha upesi na miale yake huua vijidudu. Lakini kuna tahadhari moja ya nchi zetu za joto. Yupo nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa nje, hasa kivulini au zilizotandazwa chini, na mabuu yake hupenya ngozi na kuota kama jipu. Kwa hivyo kitambaa kianikwe kwenye kamba, juani, hadi kikauke kabisa. Palipo na nzi huyo, kipigwe pasi ya moto pande zote mbili. Joto hilo huyaua mayai.

Akiba na mazingira

Wapo waliozoea karatasi laini zenye unyevu zinazouzwa katika pakiti na kutupwa baada ya matumizi. Zina manufaa safarini, lakini nyingi zimetengenezwa kwa nyuzi za plastiki zisizooza, na zikitupwa chooni huziba mabomba. Tena huacha mabaki ya dawa usoni ambayo wengi hawayasuuzi.

Tangu Agosti 28, 2017, Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, wanunuzi wamezoea kwenda sokoni na vikapu vyao. Kitambaa kinachofulika ni mazoea ya namna hiyo hiyo yaliyohamia bafuni: kitu kimoja kinachotumika mara mamia badala ya vitu mamia vinavyotumika mara moja. Akiba hiyo huonekana mfukoni kabla haijaonekana jalalani.

Lakini faida hiyo ina sharti. Kitambaa kinachotumika tena lazima kioshwe tena. Asiyekuwa tayari kukifua ni bora aoshe uso kwa vidole vyake, ambavyo angalau huoshwa mara kwa mara.

Kwa mwenye nyumba anayetaka kuanza leo, kazi si kubwa. Akague kitaulo kinachoning'inia bafuni. Kama kina uvundo, kimekakamaa au hakijulikani ni cha nani, kigeuzwe kitambaa cha kufutia vumbi. Kisha leso moja kuukuu ikatwe vipande, kila mwanafamilia apewe vyake, na misumari ipigwe ukutani kwa hesabu ya watu, wa mtoto mdogo ukiwa mahali anapoufikia mwenyewe.

Macho ya mtoto huyo, na ngozi ya mama yake, vitalindwa na misumari hiyo kuliko kopo lolote lililopangwa dukani.